Kanda za Harusi Zaozea Kabatini

Wiki chache zilizopita, baada ya sala ya alasiri, shangazi yangu alinijia nyumbani hapa Shella, Malindi, naye mkononi amechukua kitu alichokifunga ndani ya leso. Nilidhani ni mahamri. Alipofungua fundo nikaona kumbe ni kanda ya video, zile za zamani za VHS, na kwenye kidirisha chake utepe umefanya kuvu nyeupe kama unga wa muhogo.

"Mwanangu," akaniambia, "nasikia ni wewe tu uliyebaki na deki mtaa huu. Nitengenezee kanda hii niione harusi ya mwanangu. Lakini usitizame."

Binti yake huyo, ambaye tulilelewa pamoja, aliolewa mwaka wa 1991 na miaka sita baadaye akafariki dunia. Picha zake za karatasi zipo mbili, tatu. Lakini picha yake akitembea, akicheka na kugeuza shingo aitwapo, iko moja tu, nayo imo ndani ya kanda ile.

Nimeonelea niandike jambo hili gazetini kwa kuwa sidhani shangazi yangu yuko peke yake. Toka Kilifi mpaka Watamu, toka Malindi mjini mpaka Mambrui, ziko nyumba nyingi ambazo ndani ya kabati, chini ya mashuka, mna kanda mbili tatu za aina hii ambazo hazijachezwa kwa miaka ishirini. Wenyewe waona kwamba maadamu kanda ipo, harusi nayo ipo. Mimi nasema la. Kanda yaweza kuwapo na harusi isiwemo.

Vijana wa leo, waliozaliwa wakakuta kila mkono una kamera, si rahisi kufahamu jinsi video ilivyoingia pwani hii. Mtambo wa VHS ulitolewa na kampuni ya JVC ya Japani mwaka wa 1976. Ilipoanza miaka ya themanini deki zikawa zateremka kwetu moja moja, nyingi zikiletwa na ndugu zetu waliokuwa wakifanya kazi Uarabuni, na mwenye deki nyumbani kwake hakukosi wageni. Kisha zikaja kamera za kubeba begani, nzito ajabu, na hapo ndipo nilipoingia mimi. Kwa miaka kama kumi na miwili nilipiga video za harusi, upande wa wanaume: nikahi msikitini, maulidi, bwana harusi akisindikizwa kwa matari. Nakala zilipelekwa Muscat, Dubai na Jeddah ili ndugu ambaye hakujaliwa kuja naye aone. (Jamaa wa Toronto walitulaumu sana kwamba twawapelekea kanda mbovu. Kanda hazikuwa mbovu. Huko Kanada deki zao ni za mtindo wa NTSC nasi huku twatumia PAL, na wakati ule hakuna aliyetwambia.)

Upande wa wanawake sikuukanyaga. Huko alikwenda mwanamke aliyejifunza kushika kamera, na akikosekana huyo, mtoto wa kiume asiyebaleghe. Siku ya kupamba, bibi harusi ameketishwa juu, mikono na miguu ina hina, asumini kichwani, na wanawake waliomzunguka wamevua mabuibui, wamevaa nguo walizozishona miezi, nywele ziko wazi, wacheza chakacha na kupiga vugo. Mwanamume haingii. Kanda ya siku ile haikuwa mali ya duka wala ya mpiga picha. Ilikabidhiwa mama wa bibi harusi, naye akaitia kabatini na ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso. Ilitizamwa mchana, milango imefungwa, wanaume wako makazini. Heike Behrend, mtaalamu wa Kijerumani, aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka wa 2013, kuhusu mambo ya picha katika pwani yetu na jinsi watu wetu wanavyopambanua cha kuonyeshwa na cha kusitiriwa. Ni vizuri jambo hilo limeandikwa, ingawa mama zetu hawakuhitaji kitabu kulijua.

Sasa tazama uzito wake. Televisheni ya taifa ilianza hapa Kenya mwaka wa 1962, lakini kamera zake hazikuingia ndani ya vyumba vya wanawake wa Malindi, na haki yake isiingie. Kwa hiyo vugo la wanawake, mashairi ya vijembe yaliyotungwa papo hapo, jinsi somo anavyomtoa mwari wake, vyote hivi kama vimehifadhiwa mahali popote katika hali ya kutembea na kutoa sauti, basi ni ndani ya kabati hizo. Wenzetu Wagiriama wa bara yetu nao, wale waliokodi jenereta na mpiga picha wakati wa arusi, wana gonda na kayamba zao ndani ya kanda kama hizi.

Basi ndani ya kanda mna nini hasa? Mna utepe wa plastiki wenye upana wa nusu inchi, na kanda ya saa tatu ina utepe wa karibu robo kilomita. Juu ya plastiki umepakwa unga wa oksidi ya chuma ulioshikishwa kwa gundi, na picha yote imo ndani ya unga huo katika hali ya sumaku. Deki ina kingoma cha chuma chenye hedi, nacho, katika mtindo wetu wa PAL, huzunguka mara 1,500 kwa dakika. Kila mzunguko mmoja huisoma picha moja kamili. Ndiyo picha 25 kwa sekunde moja. Ni kazi nyembamba kuliko uzi, na chembe moja ya vumbi yatosha kuiharibu.

Adui wa kanda ni hewa hii hii tuivutayo. Gundi hunywa unyevu, ikalegea, na ule unga ukaanza kubanduka na kuganda kwenye hedi. Kuvu nayo yapenda joto letu. Tena kanda yenye kuvu ukiitia ndani ya deki yaichafua deki, na deki ikaipa maradhi kanda nyingine itakayofuata. Nimeona watu wakizianika juani kama dagaa. Tafadhali msifanye hivyo. Jua lapindisha plastiki, na utepe uliopinda haunyooki tena.

Na si kanda tu zinazokufa. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho iliyojulikana kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo mwezi wa Julai, 2016. Mwaka wa 2019 shirika la UNESCO na chama cha wahifadhi wa sauti na picha, IASA, walitoa tahadhari kwa dunia nzima kwamba yapata mwaka wa 2025 vifaa vya kuzichezea kanda za sumaku na mafundi wake watakuwa shida kuwapata. Wakubwa wenye majumba ya hifadhi walishtuka. Sisi wa kabatini hatukusikia.

Nitatoa mfano, na wala sitakwenda mbali. Kiasi cha kilomita thelathini kaskazini ya Malindi, baharini mbele ya Ngomeni, kuna majukwaa ya San Marco yaliyosimamishwa na Waitaliano. Tarehe 12 Desemba, 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, kilirushwa kutoka pale chombo cha Wamarekani kilichopewa jina la Uhuru, kazi yake kuzitafuta nyota zitoazo miali ya eksirei. Wavuvi wetu waliuona moto wake ukipanda. Orodha ya mwisho ya vitu vilivyoonwa na chombo kile, vitu 339, ilitangazwa mwaka wa 1978, na takwimu zake mpaka leo mwanafunzi aweza kuzisoma katika hifadhi ya NASA. Chombo chenyewe kimekwisha kuungua zamani. Takwimu zimeishi kwa sababu kila mtambo ulipozeeka alitokea mtu akazihamisha kwenye mtambo mpya. Basi habari za nyota za mbali, zilizopatikana kwa chombo kilichopaa kutoka bahari yetu mwaka wa 1970, zasomeka. Na harusi iliyofanywa Shella mwaka wa 1991 haisomeki. Hakuna uchawi hapo. Ni kwamba huku hakuna aliyehamisha.

Najua wako watakaonipinga, na mmoja wao nimekwisha kumsikia. Mzee wa baraza yetu, mtu ninayemheshimu, aliposikia ninalolifanya alisema: "Wacha zioze. Kanda ikioza, sitara imekamilika." Maneno yake si ya kupuuza. Wanawake waliomo ndani ya kanda zile walikubali kupigwa picha kwa sharti moja, kwamba kanda ni moja na ufunguo ni mmoja. Wengi wao sasa wako mbele ya haki, na hawawezi kuulizwa upya. Na hizi picha za dijitali, kama tujuavyo sote, zikishatoka mlangoni hazirudi.

Tena si hofu tupu. Jamaa yangu mmoja alichukua kanda ya harusi ya mkewe akaipeleka katika duka moja katika mji mmoja wa pwani hii, ambalo sitalitaja, atiliwe kwenye flashi. Alipewa flashi yake, akalipa, akaenda zake. Asichojua ni kwamba kompyuta ya dukani ilibaki na nakala. Kabla mwezi haujaisha kipande cha dakika mbili, wanawake wakicheza chakacha, kilikuwa chatembea kwenye simu za vijana wasiowajua. Mmoja wa wachezaji wale leo ni bibi mwenye wajukuu, mtu wa tasbihi. Mjukuu wake ndiye aliyemtambua. Kweli ipo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, na mtu aweza kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data, lakini hakuna kamishna awezaye kumfanya mtu asione alichokwisha kukiona.

Pamoja na hayo simfuati mzee wangu. Hoja yake yasema kanda zisihifadhiwe. Mimi naiona yasema zisihifadhiwe na watu wasiohusika, nayo ni hoja nyingine kabisa. Mwenye haki ya kuamua kama kanda ioze au isioze si mzee wa baraza, wala si mimi mwenye deki. Ni yule mwenye ufunguo kwenye pindo la leso. Na shangazi yangu ameamua. Hakuja kuniuliza kama ni vyema. Alikuja kuniagiza kazi.

Kuna hatari nyingine ambayo haizungumzwi, nayo yatoka kwa wataalamu wenyewe. Tangu mwaka wa 2014, watafiti wa Hong Kong walipoonyesha kwamba mtandao wa nyuroni ndani ya kompyuta waweza kuikuza picha hafifu ikawa kali, kazi hiyo imeenda mbio sana. Mwaka wa 2021 watafiti wa kampuni ya Tencent ya Uchina walitoa programu iitwayo GFPGAN, ambayo kazi yake ni kuzisafisha nyuso zilizofifia. Leo kijana yeyote mwenye simu aweza kukwambia, "Lete, mzee, nikusafishie na akili unde."

Nilimpa mmoja wa vijana wetu kipande cha kanda yangu mwenyewe, ya nikahi ya mwaka wa 1988, ambayo marehemu baba yangu yumo. Aliirudisha baada ya nusu saa, naye amefurahi. Picha ilikuwa safi mno. Ngozi laini, macho yang'ara, ndevu zahesabika moja moja. Lakini baba yangu alikuwa na makovu ya ndui mashavuni, na makovu hayakuwamo. Macho yalikuwa macho mazuri, ila hayakuwa ya baba. Nilimtizama mtu yule kwa muda, nikaona haya kumwambia kijana kwamba sijui ni nani.

Kijana hakukosa, wala mtambo haukuharibika. Ndivyo unavyofanya kazi. Kanda ya VHS, hata ikiwa mpya, ina picha hafifu, na uso ulio mbali ni madoa machache tu. Mtambo hauwezi kuyapata makovu ambayo kanda haikuyashika vizuri. Wayabuni mahali pake. Nao wabuni kutokana na nyuso ulizofundishiwa, ambazo kwa GFPGAN ni picha 70,000 zilizokusanywa kutoka mtandao wa picha wa Flickr. Kwa hiyo baba yangu wa Malindi alivikwa uso uliokadiriwa kwa nyuso za watu wa Flickr. Kama makovu ya baba yamefutwa hivyo, nadhani utaona kwa nini sikutaka bibi harusi wa shangazi apitishwe mle. Mama hataki binti mzuri. Anamtaka wake.

Jambo jingine dogo, lakini laudhi. Televisheni bapa za siku hizi ni pana, na picha za zamani zilikuwa karibu mraba. Ukizitia bila kurekebisha, wote wanenepa. Bibi harusi mwembamba awa kama pipa. Tena zile televisheni za kioo kinene zilionyesha mistari ya picha kwa zamu, nusu kwa nusu, na hizi mpya zikiunganisha vibaya nusu hizo, mkono unaopunga waota meno kama chanuo. Watu wakiona hivyo husema kanda imeharibika na kuitupa. Msitupe! Kosa ni la televisheni, na hurekebishwa kwa kubonyeza tu.

Si kwamba maendeleo yote ya sayansi hiyo ni ya kuogopwa. Wako mafundi wa kujitolea, wengi hawajuani kwa sura, waliotunga programu iitwayo vhs-decode. Hiyo huchukua ishara moja kwa moja kutoka kwenye hedi kabla haijapita ndani ya nyaya za deki, kisha kompyuta ndiyo ifanyayo kazi ambayo zamani ilifanywa na deki yenyewe. Faida yake ni kwamba deki ambayo nyaya zake zimechoka lakini hedi na mota ni nzima yaweza bado kutumika, na kitokacho ni kile kilichomo ndani ya kanda, bila mtu kutiwa macho ya kuazima. Huo ndio ufundi ninaoupenda. Bado sijauweza vizuri, nakiri.

Sasa nasema hivi, na kina mama ndio ninaowaambia. Fungueni makabati mwezi huu, msingoje Ramadhani wala msingoje mtoto arudi kutoka Doha. Kanda yenye kuvu itengeni na nyingine. Msiipeleke dukani. Watafutwe wasichana wawili watatu katika mtaa, wenye akili ya mitambo, na hao ni wengi, wafundishwe kufungua deki, kusafisha hedi kwa spiriti na karatasi nyeupe, wakiizungusha ngoma polepole kwa mkono, na kuunganisha deki na kompyuta isiyo na intaneti. Kazi ifanywe ndani ya nyumba ya mwenye kanda, naye yupo. Saa moja ya kanda, ikihamishwa kwa mtindo wa DV, yachukua kiasi cha gigabaiti 13, kwa hiyo diski moja ya terabaiti yatosha harusi za mtaa mzima. Lakini kila mtu awe na diski yake, tena awe nazo mbili, kwa kuwa diski nazo hufa. Ihamishwe kama ilivyo, na mistari yake na mikwaruzo yake. Mwenye kutaka kuipamba aipambe nakala.

Majumba ya makumbusho je? Yako mapenzi mema huko, na kwa kanda za upande wetu, za maulidi na nikahi na maandamano ya barabarani, mimi niko tayari kuzitoa zangu kesho. Kanda za kupamba si zangu kuzitoa, na nawaomba wataalamu wasiwe na haraka ya kuziomba. Labda baada ya miaka hamsini wajukuu wataamua. Waamue wakiwa nazo.

Kanda ya shangazi ilinichukua siku nne. Niliifungua skrubu tano, nikatoa magurudumu, nikayahamishia ndani ya ganda jipya. Deki yangu ilikuwa na mpira uliolegea, nikaubadilisha na mpira niliouchomoa kwenye redio mbovu. Kuvu niliipangusa kwa kitambaa kikavu, utepe ukipita polepole kati ya vidole, robo kilomita, pale barazani upepo wa kusi ukivuma ili nisiivute puani. Kisha nikamwita binti yangu, nikamwonyesha vibonyezo, nikatoka.

Nilikaa ukumbini. Kwa muda hapakuwa na kitu ila mvumo. Halafu vugo likasikika, kwanza kama linatoka chini ya maji, kisha vizuri, na vigelegele, na sauti ya mwanamke anayeimba ambayo naijua lakini sitamtaja. Shangazi alikuwa kimya mle ndani. Baadaye nikamsikia akimwambia binti yangu, "Rudisha hapo. Hapo alipogeuka." Mtambo ukarudi nyuma. Wakarudia mara tatu, na mara ya nne utepe ukaanza kulia, ikabidi binti yangu auzime tusafishe hedi.

Dakika arubaini na mbili zimehamishwa. Zimebaki kama saa moja na nusu, na mpira wa deki umeanza kulegea tena. Kama msomaji ana deki mbovu ya PAL hapo ndani ambayo haimfai, naomba asiitupe.